Shamba la Wake wa Wanajeshi

Nyasi zilizofyekwa juzi zikanyeshewa jana zina harufu nzito, tamu kidogo na chachu kidogo, kama togwa iliyosahaulika kwenye kona ya jiko. Kila mwezi wa tatu harufu hiyo hushuka kutoka kwenye miteremko ya Umatengo mpaka soko la Mbinga, inanikuta kwenye meza yangu ya maharage nikibishana na mteja, na ubishi unanitoka kwa muda. Wateja wangu wa siku nyingi wameshaligundua hilo. Wapo wanaosubiri mwezi wa tatu ndipo waje kutaka kupunguziwa, nami najifanya sijui wanachofanya. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Watu hudhani ni kwa sababu siwaamini, kumbe nisiyemwamini ni mimi mwenyewe wa mara ya kwanza. Lakini harufu ile ikipita naweza kuhesabu hata mara tatu na nisipate jibu, kwa sababu akili inakuwa imerudi kwenye mteremko mmoja nyuma ya parokia, mwaka niliokuwa darasa la saba.

Baba yangu alikuwa koplo wa jeshi. Mwaka ule kikosi chake kiliwekwa ufukweni, upande wetu wa Ziwa Nyasa, kulinda mpaka, na huko hakukuwa na nyumba za familia. Wanaume wakakaa kwenye mahema wakitazama maji, na sisi wake na watoto tukapangishiwa vyumba Mbinga, juu kwenye baridi, tukitazama ukungu. Barabara ya kushuka ziwani ilikuwa ya udongo, na mvua ikianza udongo ule ulikuwa haumruhusu mtu kupita mpaka uridhike. Salamu za baba zilikuja kwa mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wadogo wa ziwani, aliokuwa akimpa dereva yeyote aliyethubutu kupanda. Mfuko ukifika mama alijua mumewe ni mzima. Ukichelewa, alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Shule niliyoingia pale ilikuwa ya nne kwangu. Watoto wa wanajeshi tulizoea kuingia katikati ya kila kitu: katikati ya muhula, katikati ya mada, wakati mwingine katikati ya wimbo wa asubuhi, ukasimama mstarini unachezesha midomo. Hesabu za sehemu nilifundishwa mara tatu kwa sababu kila shule ilikuwa imefika hapo nilipoingia. Eneo na mzingo sikufundishwa hata mara moja, kwa sababu kila shule ilikuwa imeshapita hapo. Mama, aliyekuwa mtu wa Kahama, kwenye nchi tambarare ambako bibi alikuwa na shamba na nyumba isiyodai kodi, alikuwa ameanza kusema kwamba turudi huko. Mshahara mmoja ulikuwa unalisha meza mbili, ziwani na mlimani. Kurudi Kahama kulikuwa na maana moja kwangu: kurudia darasa la saba kwenye shule ya tano. Nilipomwambia hivyo, alijibu bila kuacha kuchambua mchele, "Bora urudie darasa umeshiba."

Aliyemzuia alikuwa Mama Zawadi, mke wa sajenti, mwanamke mrefu wa Shinyanga aliyekuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto hata alipokuwa anakunong'oneza. Binti yake Zawadi alikuwa darasa moja na mimi. Mama Zawadi alikuwa amefundisha chekechea kabla ya kuolewa, na tangu tulipofika Mbinga alikuwa ameamua kwamba hakuna mtoto wa mwanajeshi atakayepotea njiani kama kifurushi. Aling'oa mlango wa jiko lake kwenye bawaba, akaupaka unga wa betri zilizokufa uliopondwa na majani ya viazi mpaka ukawa mweusi tii, akauegemeza barazani. Kila siku tulipotoka shule, tulikuta ubao umeshaandikwa. Jiko lake likabaki wazi, kuku wa majirani wakaingia humo kama wapangaji. Mchana huohuo alikuwa anampeleka mke mmoja kliniki, anamwandikia mwingine barua ya kwenda kwa mkubwa wa mumewe, na anamwangalizia wa tatu mtoto mwenye homa. Watu walimuuliza analipwa na nani. "Ninyi," aliwajibu, "mkiacha kuniuliza."

Shuleni kulikuwa na utaratibu ambao upo mpaka leo sehemu nyingi: mwezi wa saba watahiniwa wa darasa la saba wanaingia kambi, wanalala shule na kusoma mpaka mtihani wa mwezi wa tisa, na kila mmoja anakwenda na mahindi na maharage yake. Wenyeji walikuwa na mashamba. Sisi tulikuwa na mifuko ya usipa. Mama Zawadi akaenda kwa padri wa parokia akarudi na kipande cha ardhi, mteremko wenye nyasi ambao hakuna aliyekuwa anauulizia. Akawakusanya wake wote wa kikosi, akawaambia tutapanda maharage yatakayotosha kambi ya watoto wote na kubaki ya nyumbani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Usiku wakati wa kula nikampelekea mapatano: shamba likitoa maharage, tunabaki mpaka nifanye mtihani, lisipotoa, napanda basi la Kahama bila kulia. Akataka niongeze bila kununa. Nikaongeza.

Wake wale walitoka kila pembe ya nchi, na kila pembe waliyotoka ilikuwa tambarare. Mama Zawadi alisema yeye alizaliwa kwenye tuta. Basi wakalima matuta, marefu, kutoka juu ya mteremko kushuka mpaka chini bondeni, yamenyooka kiasi kwamba afande yeyote angeyakagua kwa furaha. Wakapanda mbegu zote. Walikuwa wamesimama wanaangalia kazi yao, mikono kiunoni, alipotokea Bibi Kapinga, jirani mwenye kahawa upande wa juu, mwanamke mfupi aliyefunga kanga mbili na kuvaa koti la mvua la marehemu mumewe. Alisimama akatazama matuta muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo la kifo na kukuta jina analolijua.

"Nani amewaambia mlime hivi?"

"Shikamoo, mama," alisema Mama Zawadi.

"Marahaba. Nimeuliza nani."

"Hakuna aliyetuambia, mama. Ndivyo tunavyolima kwetu."

"Kwenu kuna mlima?"

"Hakuna."

"Nilijua. Hapa mmeichimbia mvua barabara. Itapita, na ushuru haitalipa."

Akaenda zake. Mama Zawadi alisema wazee wanapenda kutisha watu. Wiki haikuisha, mvua ikaja na kuitumia barabara yake. Tulikwenda asubuhi tukakuta mteremko umechanika mistari myekundu, matuta yamelala bondeni, na mbegu zetu zimo humo. Baadaye ziliota vizuri sana kando ya kijito, kwenye magimbi ya mtu mwingine, ambaye alivuna maharage asiyoyapanda na kutuombea heri kanisani. Mama alipofika nyumbani alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni na kuanza kukunja mablanketi.

"Nipe mpaka Pasaka," nikamwambia.

"Pasaka ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Alikunja blanketi moja zaidi, akalikalia sanduku. "Mpaka Pasaka," akasema. "Na sanduku linabaki hapa hapa nje, tusisahau."

Mama Zawadi alikuwa mtu wa kushindwa mara moja kwa jambo moja. Jioni ileile alinichukua mimi na Zawadi tukapanda kwa Bibi Kapinga. Tulimkuta anapukuchua mahindi jikoni, na wajukuu wawili wa rika letu, mapacha, wakijifanya wanasoma. Mama Zawadi akasema moja kwa moja kwamba amekuja kufundishwa kulima. Bibi hakucheka, jambo lililonishangaza, kwa sababu alikuwa na haki. Alieleza kama anavyoeleza mtu anayejua bei ya kitu chake. Wamatengo, alisema, hawashindani na mlima, wanaupangia nyasi. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mafungu yanayokatizana mpaka mteremko wote unakuwa kama dirisha lenye vioo vingi. Halafu unachimba katikati ya kila kioo, udongo unaurusha juu ya zile nyasi pande zote nne. Katikati linabaki shimo, pembeni unapata tuta lenye mbolea ndani, na maharage unayapanda kwenye tuta. Mvua ikija inaingia shimoni, inakaa, inakosa pa kukimbilia. Hilo shamba linaitwa ngoro.

"Tutafanya hivyo," akasema Mama Zawadi.

"Hamwezi. Kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Wanawake tunachimba na kufukia. Wanaume wenu wako ziwani wanatazama mitumbwi."

"Si mna ngokela?" Alikuwa amesikia habari za ngokela sokoni, kule kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba anapika.

"Ngokela ni kubadilishana nguvu. Ninyi mna nguvu za kike tu. Za kiume mtazilipa na nini?"

Mama Zawadi akawageukia mapacha. "Hawa nao wanafanya mtihani mwaka huu?"

"Wao wanafanya mtihani. Hesabu ndiyo inayowafanya wao."

"Nitawafundisha. Kila siku, mpaka siku ya mtihani. Wao na watoto wote wa watu wa ngokela yako."

"Kusoma hakufyeki nyasi, mwanangu."

Sikuweza kuvumilia. Niliona kabisa biashara inakwenda kuharibika kwa kukosa swali moja. "Bibi," nikasema, "hao wanaume wanaopanga nyasi, wana watoto shuleni?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wanao." "Basi sisi tuongee na wao, au wewe utaongea nao halafu wakushukuru wewe?" Mama Zawadi akanifinya, ila si kwa nguvu. Bibi Kapinga akauliza huyu mtoto ni wa nani, akaambiwa wa koplo. "Mchungeni," akasema. "Atawauza."

Tukakubaliana, lakini hakutuachia hivi hivi. Wake wa wanajeshi wangeingia ngokela kama wageni, maana yake wangechimba kwenye mashamba ya wenzao wote kwanza, na zamu yao ingekuwa ya mwisho kabisa. Hapo moyo ulinishuka. Maharage ya kule yanapandwa mvua zikiwa bado zinaendelea. Ukichelewa, yanachanua kwenye jua kavu na kukupa majani. Mama Zawadi alibishana mpaka chai ikapoa. Tulipoondoka tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Nimefanya biashara nyingi tangu siku ile, lakini ile nafasi moja tuliyosogezwa mbele bado naitaja kwa fahari.

Wiki zile ndizo nilizoziita msimu wangu. Tulitoka shule tukaenda moja kwa moja mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ukungu ukipanda na kushuka kama mtu asiyejua anachotaka. Wanaume wa kijiji walitangulia asubuhi kupanga nyasi, tukazikuta zimelala katika miraba yao. Wake wa wanajeshi walichimba mpaka malengelenge yakapasuka, wakafunga vitambaa, wakachimba. Mama alikuja siku ya kwanza akisema anamsindikiza Mama Zawadi tu. Siku ya pili alisindikiza tena, na safari hii alibeba jembe. Kumbe mkono wake ulikuwa mzuri, udongo ulitua pale alipoutaka, na Bibi Kapinga, ambaye sifa alizitoa kwa shida sana, alimpitia nyuma akamwambia, "Wewe ulikosea kuzaliwa kule."

Darasa nalo likahamia huko. Watoto walikuwa wameongezeka kuliko baraza lilivyoweza kubeba, wetu na wao, na mlango wa jiko ukawa unabebwa na wavulana wawili kutoka shamba hadi shamba kama majeruhi. Siku moja Mama Zawadi alisimamisha kazi, akatuambia kila mmoja aingie kwenye shimo lake. Tukaingia. Akatuambia tuzunguke juu ya tuta tukipima kwa nyayo mpaka turudi tulipoanzia. Tukazunguka. "Huko mlikozunguka ni mzingo," akasema. "Sasa kaeni chini. Hicho mlichokikalia ni nini?"

"Matope," akasema Zawadi.

"Ni eneo. Lenye matope."

Hivyo ndivyo nilivyolipata lile somo lililokuwa linanikimbia shule zote nne. Mapacha wa Bibi Kapinga nao walilipata pale pale, mmoja wao akapiga kelele kwa Kimatengo na wanaume wakaacha kufyeka kuangalia kama ni nyoka.

Zamu yetu ilifika siku chache kabla ya Pasaka. Wanaume walikuja wengi kuliko tulivyopatana. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, nikanyamaza, kwa sababu mtu akikuzidishia hupaswi kumkumbusha. Wake wa wanajeshi walipika ugali na wale usipa wa ziwani kwenye masufuria ya kuazima, kila mtu akala, na jioni mteremko uleule uliochanika ulikuwa umekuwa dirisha kubwa lenye mashimo. Mbegu tuliazimwa na parokia. Mvua ilikuja Alhamisi Kuu, kubwa kuliko ile ya kwanza. Tulilala tukiisikia ikipiga mabati.

Asubuhi mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa darasa la tatu. Tulikuta kila shimo lina maji yake. Maji yalikuwa yametulia, mekundu, yanaonyesha mawingu, na matuta yalikuwa yamesimama pale tulipoyaacha. Hakuna kilichokuwa kimeshuka bondeni. Mama alitazama mpaka kanga yake ikalowa. Tuliporudi alifungua sanduku, akatoa mablanketi moja moja akayatandika vitandani, na sanduku akalisukuma kwa mguu mpaka likagonga ukuta wa uvunguni.

Maharage yalivunwa wakati kahawa inaanza kuiva. Yalitosha kambi, yakabaki. Tulikuwa tunayapepeta barazani kwa Mama Zawadi habari ilipofika kwamba sajenti, mumewe, amepata uhamisho kwenda kikosi cha kaskazini, na familia inatakiwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyekuwa amesema hakuna mtoto atakayepotea njiani, na sasa wa kwake ndiye aliyekuwa akiondolewa miezi mitatu kabla ya mtihani. Zawadi aliendelea kupepeta ungo ambao haukuwa na kitu.

Mama Zawadi alipanda tena kwa Bibi Kapinga, na tulimfuata sisi wawili, hatukuitwa wala hatukufukuzwa. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli. Alisema anaomba mtoto akae pale mpaka amalize mtihani, na kwamba hajui atalipa nini, maana mumewe anaripoti kwanza na mambo ya mshahara yatafuata baadaye.

"Umeshalipa," alisema Bibi Kapinga. "Hawa wangu wamejua kugawanya. Sasa hata mboga wananipimia." Alimtazama Zawadi kuanzia miguuni. "Unakoroma?"

"Hapana, bibi."

"Basi utajifunza hapa."

Mama Zawadi aliondoka na gari la kikosi, wadogo zake Zawadi wamekaa juu ya magodoro, naye mbele, akitoa maelekezo dirishani mpaka gari likaisha kwenye kona. Alichoacha ni mlango. Wake waliobaki walisimama wakautazama, kisha mama yangu, aliyekuwa na elimu ya darasa la saba na aibu ya kuisema, akasogea akaandika tarehe. Akaifuta, akaiandika vizuri zaidi. Mpaka tulipoingia kambi, na kwa wadogo waliotufuata miaka miwili iliyofuata, wake wale walifundisha kwa zamu kama ngokela: anayejua kusoma vizuri akafundisha kusoma, anayejua kupima nguo akafundisha sentimita. Tulifaulu mimi, Zawadi na pacha mmoja. Pacha wa pili alikwenda kujifunza useremala na leo ana nyumba nzuri kuliko zetu. Baba aliporudi kutoka ziwani na uhamisho wake, mimi nilikuwa sekondari ya hapa hapa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo wenzangu walinikuta.

Siku hizi barabara ya kushuka ziwani ni ya lami. Mwanajeshi aliye ufukweni anaweza kupanda Jumamosi kuona watoto na kushuka Jumapili, na usipa wanafika wakiwa bado wana macho. Wake wa kikosi wana kundi lao kwenye simu, mwanamke akishikwa na uchungu anapata gari kabla hajamaliza kuandika. Ngoro zimepungua, vijana wanaona ni kazi nyingi, ingawa mvua bado haijabadili tabia. Nikipima kwa haki, mizani inaelemea siku hizi, na mimi si mtu wa kuongezea uzito upande wa zamani kwa sababu ni wangu. Kitu kimoja tu hakijapata lami: uhamisho bado unakuja katikati ya muhula.

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mke wa mwanajeshi, binti asiyejua kabisa kuomba bei, alisimama mezani kwangu bila kununua. Mumewe amepangiwa mbali, na mtoto wao wa kwanza, Daudi, yuko darasa la saba. Akanung'unika kuhusu mabasi, kuhusu shule mpya, kuhusu mtoto kurudia. Nilimwambia amlete kwangu akae mpaka mtihani. Akaniuliza, "Dada, nitakulipa kiasi gani?" Nilifungua mdomo kutaja, maana bei huwa inakuja yenyewe, miaka yote imekuja yenyewe. Haikuja.

Daudi anatoka shule sasa hivi, namwona anavyokatiza kwenye meza za nyanya. Anakula zaidi kuliko mama yake alivyoniambia, na hilo ndilo nililopaswa kulijadili mapema. Jana alisema wameanza eneo na mzingo na hajaelewa. Akifika nitamwambia afunge meza, tupande mlimani kwenye ngoro kabla jua halijashuka.